Homa inayokwenda na kurudi tusiiite malaria sugu

Mtu akishikwa na homa wiki hii, akameza dawa mseto, akapata nafuu, kisha wiki inayofuata homa ikamrudia kwa nguvu ile ile, jibu la haraka huku kwetu ni kwamba ana malaria sugu. Jirani atasema hivyo, muuzaji wa duka la dawa atasema hivyo, na mara nyingine hata mhudumu wa afya ataandika hivyo kwenye daftari. Mgonjwa anaongezewa dawa za malaria, au anachomwa sindano ambayo hakuna aliyemweleza ni ya nini, na mzunguko unaanza upya.

Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu. Nilianza kazi Dodoma vijijini, nikamalizia Kanda ya Ziwa, na sasa niko nyumbani Bukima, Musoma Vijijini, ambako watu bado wananiita Mama Maabara na kuniletea karatasi zao za majibu niwasomee. Nina jambo moja la kusema, na ninalisema kwa wauguzi, matabibu, madiwani na kila mzazi mwenye mtoto anayechemka usiku. Homa inayokwenda na kurudi ipimwe kwa hadubini, damu itolewe homa ikiwa juu, na mgonjwa aulizwe amelala wapi. Tukifanya hivyo tutaacha kupoteza watu, hasa watoto ambao hawajazaliwa, kwa ugonjwa ambao dawa zake ni za kawaida kabisa. Ugonjwa huo ni homa ya papasi.

Papasi ni kupe, ila hana tabia za kupe wa ng'ombe tunayemzoea. Yule wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi siku kadhaa. Papasi hufanya kazi yake usiku na kuondoka. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, chini ya mkeka, kwenye vumbi la pembeni mwa kitanda. Taa ikizimwa anatoka, ananyonya kwa muda wa nusu saa hivi, anavimba, halafu anarudi ufani. Kuuma kwake hakuna maumivu makali, kwa hiyo wengi hawajui kama wameumwa.

Nilipokuwa Dodoma, mwenyeji mmoja alinionyesha ndani ya nyumba yake ya tembe jinsi ya kumtafuta. Alichokoa ufa wa sakafu kwa ncha ya kijiko, akamwaga vumbi lile juu ya karatasi nyeupe, akaniambia nisubiri. Kwa muda hapakuwa na kitu ila vumbi. Kisha punje moja ya udongo, bapa, ya kijivu, ikaanza kutembea. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana, na kichwa sikukiona kwa sababu kwa papasi aliyekomaa kimefichwa upande wa chini. Mdudu huyo anaweza kukaa miaka bila kula, akisubiri mtu alale karibu naye. Jike mwenye vimelea huwarithisha baadhi ya watoto wake kupitia mayai. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa zamani si salama eti kwa sababu haina watu.

Vimelea anavyovibeba ni bakteria waitwao Borrelia duttonii. Ukiweka tone la damu mbichi ya mgonjwa chini ya hadubini homa ikiwa kileleni, kwanza utaona chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku, na hujui nani anazisukuma. Ukituliza jicho unamwona: uzi mwembamba uliojisokota, unajipinda, unapenya katikati ya chembe, unatoweka, unatokea tena. Kwenye kioo kilichopakwa rangi ya Giemsa nyuzi hizo zimetulia na zina rangi ya zambarau. Yeyote aliyewahi kuziona hazisahau. Asiyewahi kuonyeshwa anaweza kuzipita akidhani ni uchafu wa rangi.

Kinachofuata ndani ya mwili ndicho kinachowachanganya watu, na humo ndimo kosa letu la matibabu linamoanzia. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikieleze taratibu.

Mwili wa binadamu haukai kimya mbele ya vimelea hivi. Bandama inavichuja. Chembe nyeupe za kundi la B zinatengeneza kingamwili za aina ya IgM, na zinafanya hivyo ndani ya siku chache tu. Mwaka 2004 Kishore Alugupalli na wenzake walionyesha kwa panya walioambukizwa ndugu wa kimelea chetu, Borrelia hermsii wa Marekani, kwamba sehemu ya chembe hizo, ziitwazo B1b, zinaweza kuleta kinga ya muda mrefu bila kusaidiwa na chembe za kundi la T, ambazo kwa maambukizi mengi ndizo zinazotoa amri. Kingamwili hizo zinashika protini iliyoko kwenye ganda la nje la kimelea na kukiua. Mgonjwa anatetemeka, joto linapanda kupita kiasi, halafu jasho linamtoka hadi shuka inaloa, na joto linashuka, wakati mwingine hata chini ya kawaida. Asubuhi yake amechoka, lakini macho yamefunguka, na anaomba uji.

Huo ni ushindi wa kweli, na umepatikana bila kidonge chochote. Tatizo ni kwamba si vimelea vyote vilivyokuwa vimevaa ganda lile. Kimelea hiki kina akiba ya jeni nyingi za protini za ganda, zimehifadhiwa bila kutumika. Mara chache, kimoja kati ya maelfu wakati wa kuzaliana hunakili jeni nyingine kutoka kwenye akiba hiyo, kikaiweka mahali pa kufanyia kazi, na ganda likabadilika. Wavuvi wetu wa ziwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao: wavu wa sangara haumnasi dagaa. Kingamwili zilizosukwa kwa ganda la kwanza haziwezi kuliona ganda la pili. Vile vimelea vichache vilivyobadilika vinabaki, vinazaliana kimya kimya, na baada ya wiki moja hivi vimekuwa vingi vya kutosha kumlaza mtu tena. Mwili unasuka wavu mwingine, unashinda tena, na vingine vinapenya tena. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Herbert Stoenner na wenzake, walianza na kimelea kimoja tu cha Borrelia hermsii, na kutoka kwa kizazi cha hicho kimoja wakapata aina 24 za ganda.

Kwa kawaida kila homa inayorudi huwa nyepesi kuliko iliyotangulia, kwa sababu mwili unaendelea kujifunza. Lakini vimelea vina maficho. Katika majaribio ya wanyama vimekutwa kwenye ubongo hata baada ya damu kuwa safi. Kwa binadamu, mishipa ya fahamu inaweza kuguswa, uso ukapooza upande mmoja. Borrelia duttonii pia hujifunika kwa chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe, zikakizunguka kwa mafungu na kuziba mishipa midogo ya damu.

Sasa tuyapeleke hayo kwenye benchi la zahanati. Katikati ya homa moja na nyingine, kioo cha damu ni safi au karibu safi. Ni safi kwa sababu mwili umekisafisha. Mpimaji akisema hakuna kitu, anasema kweli, na mgonjwa bado ni mgonjwa. Pia dawa yoyote aliyomeza siku ya tatu itapata sifa ya homa iliyoshuka siku ya nne. Dawa mseto haiwezi kuua Borrelia, lakini ikimezwa usiku wa kuamkia jasho, familia nzima itaapa kwamba ndiyo iliyoponya. Homa ikirudi watasema malaria hii ni sugu. Hivyo ndivyo kazi nzuri ya mwili inavyotufanya tukose jibu.

Kuna mama mmoja kijana aliyekuja barazani kwangu na mfuko wa plastiki wenye karatasi za vipimo. Alinisalimu kwa heshima, nikamkaribisha kiti, akanipa mfuko. Karatasi zote zilisema malaria hakuna, na chini ya kila moja kulikuwa na dawa za malaria.

"Homa inakujaje, mwanangu?" nilimuuliza.

"Inanishika siku tatu, mama, siwezi hata kuinua kichwa. Halafu inaniacha. Nikishaanza kwenda shambani inarudi."

"Ulisafiri karibuni?"

"Nilikwenda Dodoma msibani, kwa mama mkwe."

"Mlilala wapi?"

"Chini, mama. Tulitandika mkeka kama wafiwa wote."

"Na zahanati unakwenda siku gani?"

Alinishangaa kidogo. "Siku nikipata nguvu ya kutembea."

Jibu hilo linaeleza tatizo zima. Siku ambayo kioo kingesema ukweli, alikuwa amelala kitandani hawezi kunyanyuka. Siku aliyoweza kutembea hadi kituoni ilikuwa siku ambayo mwili ulikwisha kumaliza kazi na damu ilikuwa safi. Hakuna aliyemdanganya na hakuna aliyezembea waziwazi. Kila mtu alitimiza wajibu wake siku ambayo haikufaa. Nikamwambia homa ikimpanda tena asisubiri ipoe, apakiwe kwenye bodaboda pale pale, na afike kituoni akiwa anatetemeka. Alifanya hivyo. Kijana wa maabara alitengeneza tone nene la damu, akapaka rangi, akatazama, akamwita mwenzake aje aone. Mama yule alipewa doksisaiklini na akapona.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Dodoma, na sisi watu wa ziwani hautuhusu. Historia inasema vingine. Mwaka 1904, upande wa pili wa ziwa hili hili, madaktari Philip Ross na Arthur Milne waliokuwa Uganda waliandika kwamba homa hii inaletwa na kupe. Mwaka uliofuata, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walithibitisha jambo hilo huko Kongo. Wote wawili waliugua homa hiyo wakati wa kazi, na Dutton akafia Kasongo mwezi Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30. Jina la kimelea, duttonii, ni lake. Wakati huo huo Robert Koch alikuwa hapa nchini kwetu, enzi za Wajerumani, akikusanya papasi kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, na ndiye aliyeona vimelea ndani ya mayai ya papasi. Ugonjwa huu ulifuata njia za watu na sakafu walizolalia. Leo njia zetu ni basi la Mwanza, basi la Dodoma, kambi za wavuvi na misiba ya ukweni. Sakafu za udongo bado zipo, Majita, Bunda na Butiama.

Koch aliona jambo jingine ambalo nasi tuliliona kazini. Watu waliokulia kwenye nyumba zenye papasi walionekana kuwa na kinga, na wageni ndio walioanguka vibaya. Ni kweli kwamba mwili uliopigana na maganda mengi tangu utotoni una akiba ya kingamwili, na mtu mzima wa namna hiyo anaweza kuumwa na papasi mara nyingi akapata homa ndogo tu au asipate kabisa. Lakini tusijenge faraja juu ya jambo hilo. Kinga hiyo ililipiwa utotoni na watoto, na si wote waliobaki hai kuifurahia. Haidumu pia. Mtu aliyeondoka kwenda kusoma au kufanya kazi mjini, akarudi likizo na kulala kwenye chumba chake cha zamani, anaweza kupokelewa na papasi kama mgeni.

Wajawazito ndio wanaolipa zaidi. Utafiti uliofanywa na Jongen na wenzake kwa wanawake wa vijijini hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba wajawazito waliopata homa ya papasi walikuwa hatarini sana kujifungua watoto njiti. Vifo vya watoto wa tumboni na wachanga vilifika 436 katika kila 1,000. Ukijumlisha na mimba zilizoharibika mapema, hasara ilikuwa 475 kwa 1,000. Hiyo ni karibu nusu. Vimelea vinaweza kupita kondo la nyuma na kumwingia mtoto, na mtoto huyo hana jeshi la IgM lililomsaidia mama yake. Mama anaweza kutoka jasho, akaomba uji na kusimama tena, huku aliyemo tumboni anakufa. Kwangu mimi takwimu hiyo peke yake ingetosha kila kliniki ya wajawazito iulize habari za homa zinazorudi na mahali mama anapolala.

Najua hoja ya upande wa pili. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha mengi. Kinatoa jibu kwa dakika chache, hakihitaji umeme, na kijana aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kukitumia. Sikipingi, na sitaki kiondolewe hata zahanati moja. Lakini kipimo hicho kimetengenezwa kuona kitu kimoja. Kinapoandika hakuna, maana yake hakuna malaria, na mazungumzo yanapaswa kuanzia hapo. Huku kwetu mazungumzo huishia hapo, au yanaendelea kana kwamba kipimo kimekosea.

Angalieni kilichotokea Moshi. Watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa asilimia 60.7. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Mkoa wetu wa Mara una malaria nyingi kuliko Kilimanjaro, na hesabu zetu hazitalingana na za kule. Somo ni lile lile: tabia ya kuita kila homa malaria inafunika magonjwa mengine mengi. Na pale malaria ilipo kweli, mtu mmoja anaweza kubeba vimelea vya malaria na Borrelia kwa pamoja. Mgonjwa aliyekutwa na malaria, akamaliza dozi ipasavyo, kisha homa ikarudi baada ya wiki, bado anastahili kioo.

Wengine watasema hadubini ni gharama na mafundi ni wachache. Hadubini nyingi zipo tayari, kwa sababu zinatumika kupima makohozi ya kifua kikuu na choo. Rangi ya Giemsa ni ile ile ya malaria. Kioo kimoja, jicho moja, muda ule ule, na fundi anaweza kuona malaria na Borrelia kwa pamoja. Kinachohitajika ni kijana wa maabara aonyeshwe kioo chenye Borrelia walau mara moja katika mafunzo yake, na asipoteze mazoezi ya kusoma vioo kwa kuwa kipimo cha haraka kimemwondolea sababu ya kukaa kwenye kiti. Jicho la maabara likikaa bila kazi linasahau.

Dawa zipo. Tetrasaiklini na doksisaiklini hufanya kazi vizuri, na kwa wajawazito na watoto wadogo hutumika erithromaisini. Lakini kuna tahadhari ambayo kila mtoa huduma aijue. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, vimelea vinapokufa kwa wingi, mwili unaweza kujibu kwa kishindo: mgonjwa anatetemeka, joto linapanda kuliko lilivyokuwa, halafu shinikizo la damu linaweza kushuka. Hali hiyo inaitwa kwa majina ya madaktari wawili walioieleza, Jarisch na Herxheimer. Sababu yake ni kemikali ambazo chembe za kinga zenyewe humwaga kwa pamoja, na dawa iliyotolewa ni sahihi. Mgonjwa asiambiwe ameze kidonge na kurudi nyumbani peke yake. Akae kituoni saa kadhaa, apimwe presha na joto, anywe maji, awekewe dripu ikibidi, na ndugu zake waelezwe mapema kwamba hali inaweza kuchafuka kabla ya kutulia. Ndugu wasipoambiwa, watasema dawa imemdhuru na hawatairudia, na safari ijayo wataanzia kwa mganga wa kienyeji.

Hadi hapa nimezungumza habari za kutibu. Kuzuia kunaanzia chini ya kitanda. Mvumi, Dodoma, ambako ugonjwa huu ulikuwa ukiwasumbua watoto wadogo sana, Alison Talbert na wenzake walipulizia dawa nyumba zenye papasi, na utafiti wao wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba homa ya papasi ilipungua kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Hapa Kanda ya Ziwa tunaijua dawa ukoko kwa ajili ya mbu. Inapulizwa ukutani, mahali mbu anapotua. Papasi anakaa zaidi sakafuni na kwenye sehemu ya chini ya ukuta, kwa hiyo mpango wa mbu haumfikii vya kutosha. Watakaopanga awamu nyingine za upuliziaji waitazame pia sakafu.

Tena kuna kuku. Watafiti wa Uingereza wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walichapisha mwaka 2007 kwamba walikuta chembe za urithi za Borrelia duttonii katika damu ya kuku na nguruwe wa vijiji vya katikati ya nchi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kimelea hiki kinaishi kwa binadamu na papasi tu. Kaya nyingi huku kwetu zinalaza kuku ndani kwa kuogopa wezi na vicheche. Ninaelewa hofu hiyo, kuku ni ada ya shule na ni daftari la mtoto. Lakini kuku anayelala chumba kimoja na mtoto anamlisha papasi kila usiku ambao mtoto hayupo. Banda lenye mlango imara, mita chache kutoka nyumbani, ni hatua ya afya kama chandarua kilivyo.

Sakafu ya saruji ndiyo dawa ya kudumu. Saruji isiyo na nyufa haina pa kumficha papasi. Mwenye uwezo wa mifuko michache aanze na chumba wanacholala watoto na mama mjamzito, kabla ya sebule ya wageni. Asiye na uwezo akandike nyufa mara kwa mara, ainue kitanda kisigusane na ukuta, achomeke chandarua chini ya godoro kila upande, na asimlaze mtoto chini. Na tunapopokea wageni wa msiba, tuwatandikie mahali pasipo na nyufa, maana mgeni ndiye asiye na kinga.

Nimalizie kwa wenye mamlaka. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zina waganga wakuu wa wilaya na waratibu wa maabara wenye uwezo. Ninawaomba wafanye mambo ambayo hayahitaji kusubiri mfadhili. Kila mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha haraka hakikuona malaria, au ambaye homa imerudi ndani ya mwezi, atengenezewe kioo cha damu. Akifika akiwa amepoa, aambiwe waziwazi arudi homa ikipanda, saa yoyote, na asipangiwe foleni siku hiyo. Kwenye daftari pawe na mstari wa kuuliza: homa hii ilikwenda ikarudi? Ulilala wapi mwezi uliopita? Sakafu ni ya nini? Akikutwa na Borrelia, ugonjwa uandikwe kwa jina lake kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwa sababu ugonjwa usioandikwa haupangiwi dawa wala bajeti. Na kila mjamzito mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo kabla ya wengine wote. Mwili wa mama unaweza kushinda homa hii mara tatu, mara nne. Mimba yake haiwezi kusubiri ashinde hata mara moja.